Abiria wa Pazia la Ndege

Usiku wa kuamkia Jumatano, Athumani Mondo aliota pazia likimwita kwa jina la baba yake.

"Mondo," lilisema. "Usinikunje."

Pazia lenyewe lilikuwa lile la ndege, la studio ya Gurisha, Kondoa mjini. Watu wa kule wenye umri wa kutosha wanalijua. Ni kitambaa cha marikani kilichopakwa rangi ya mafuta, kipana kama ukuta wa chumba, na limechorwa uwanja wa saruji, ngazi ya kupandia ndege, mlango ulio wazi, na nusu ya ubavu wa ndege yenyewe. Mtu akitaka picha ya kuwapelekea ndugu, alisimama mbele ya pazia, akanyoosha mkono kana kwamba ameshika reli, Gurisha akabonyeza kamera, na ndugu huko waliko wakaona mtu wao anasafiri.

Athumani ndiye aliyelichora, akiwa na miaka ishirini na mitatu. Alilichora uani kwa mama yake kwa kuiga kalenda iliyokuwa imetundikwa zahanati. Ndege alikuwa hajapanda, na mpaka leo, miaka thelathini na mitatu baadaye, hajapanda. Anazijua kutoka chini tu, zikipita.

Kesho yake asubuhi pazia hilo lilikuwa liuzwe. Siku hizi kila mtu ana simu na anajipiga picha mwenyewe popote anapopenda, na Gurisha alikuwa amempata mfanyabiashara wa alizeti aliyetaka mapazia yote sita ya kufunikia magunia. Athumani alipoulizwa alikubali. Alikubali haraka, kama mtu anayekubali ili mazungumzo yaishe. Brashi alikuwa hajaishika kwa miaka kumi na moja. Aliiacha siku shemeji yake alipomuuliza mbele ya wageni, kwa heshima zote, "Lakini shemeji, kazi yako hasa ni nini?" Wiki ile ile akafungua kibanda cha kuuza koki na mabomba ya maji, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza tena.

Sasa katika ndoto yuko studio peke yake, ni mchana, jua linaingia dirishani, na ameshika ncha mbili za pazia tayari kulikunja.

"Nisikukunje kwa nini?" akauliza.

"Utawavunja watu shingo."

"Watu gani?"

"Vua viatu uingie," likasema pazia. "Saruji yangu haijawahi kufagiliwa, lakini pia haijawahi kuchafuliwa."

Athumani aliona ni sharti la haki. Akavua viatu, akavipanga ukutani, akainua mguu kidogo kuvuka upindo, akaingia.

Saruji ilikuwa ya baridi na ilinuka rangi mpya. Akatazama juu. Zamani zile, kuku wa mama yake alikanyaga anga ikiwa bado mbichi, na Athumani, badala ya kupaka upya, alizigeuza nyayo zake kuwa ndege wadogo wanne wenye mabawa. Hao wanne walikuwapo. Walikuwa wanatembea. Walitembea angani wakichakura bluu kwa kucha, na hawakuonyesha kwamba wanaona ajabu yoyote.

Kisha akawaona watu.

Walikuwa wengi kama watu wa mnada. Walianzia kwenye ngazi ya ndege, wakajaa uwanja mzima, wakaenda mpaka ukingoni mwa pazia, na huko ukingoni walikuwa wamekunjika kuzunguka upindo. Aliwatambua. Walikuwa ni wateja wote waliowahi kupigwa picha mbele ya ndege yake tangu siku ya kwanza, kila mmoja katika nguo zake za siku ile na umri wake wa siku ile. Kila mmoja alikuwa amenyoosha mkono mmoja kushika reli isiyokuwapo. Mashavu yao yalikuwa yamevimba, na hakuna kifua kilichopanda wala kushuka.

Aliyekuwa mbele yake alikuwa Bwana Shamba Lubuva, yule aliyewafundisha watu kupanda ufuta kwa mstari. Athumani alimzoea akiwa mzee wa mvi, lakini hapa alikuwa na miaka thelathini, amevaa tai. Akazungumza kwa sauti nyembamba sana, akitumia pumzi kidogo aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya dharura.

"Fundi, tunaruhusiwa kupumua?"

"Nani amewakataza?"

"Gurisha. Alisema, 'Tulia hapo hapo, usipumue.' Akabonyeza. Halafu akaita mwingine."

Athumani akakumbuka. Ilikuwa kweli. Katika miaka yote hiyo Gurisha alimwambia kila mteja asipumue, na hakuwahi hata mara moja kumwambia mtu kwamba sasa basi, pumua. Wateja walilipa, wakatoka, wakaenda zao sokoni. Kumbe aliyetoka ni mmoja, na yule aliyepewa amri alibaki humu anaitii.

"Mimi si mpiga picha," akasema Athumani. "Sina mamlaka hayo."

"Hapa ni kwako," akasema Bwana Shamba, na pumzi ya dharura ikamwishia.

Athumani hakuwa amezoea kuambiwa kwamba mahali fulani ni kwake. Hata kibanda cha koki kilikuwa cha kupanga. Akakohoa kusafisha koo, akasimama wima, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo:

"Haya. Pumueni."

Wanapumua.

Wanapumua wote kwa pamoja, pumzi ya miaka thelathini na mitatu, na inatoka kama mlango mkubwa umefunguliwa upande wa kaskazini. Ina harufu ya kila walichotia mdomoni siku ile kabla ya kuja studio: ugali wa mtama, machungwa, chai ya tangawizi, samaki wa kukaanga, mswaki wa mti. Athumani anashika shati lake. Uwanja wa saruji unapata mawimbi, maana chini yake ni kitambaa. Anga inavimba na kurudi. Wale ndege wanne wanayumba, wanakunjua kitu ambacho hawakujua kama wanacho, na wanaruka. Wanashangaa kuliko mtu yeyote.

Mzee mmoja alimalizia chafya aliyoianza sikukuu ya Idi ya mwaka wa kwanza wa studio. Watoto wachanga waliokatizwa katikati ya kulia wakaendelea pale walipoishia. Bibi harusi mmoja akacheka kicheko kirefu, na bwana harusi akamuuliza anacheka nini, naye akasema hakumbuki, ilikuwa zamani.

Athumani alichuchumaa. Miaka yote alidhani ametengeneza kitambaa.

"Sasa tupande," akasema Mwalimu Koleta. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na alikuwa na kawaida ya kuhamisha watu kutoka jambo moja kwenda jambo jingine. Akatangulia mwenyewe kwenye ngazi, mkoba begani, na umati ukamfuata. Wakapanda kipandio cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha sita Mwalimu Koleta akasimama, na wote nyuma yake wakagongana.

"Fundi," akaita. "Cha saba hakipo."

"Haiwezekani."

"Nimehesabu mara mbili. Njoo uhesabu wewe."

Athumani akapenya katikati ya watu, akahesabu. Cha sita kilikuwapo, na cha nane kilikuwapo. Katikati yake reli ilipita vizuri kabisa juu ya pengo, na ndani ya pengo ulionekana ukuta wa studio, na msumari, na kamera ya miguu mitatu imekaa kwenye benchi ikipumzika. Akakumbuka. Siku ile aliitwa kwenda kunywa uji. Aliporudi aliendelea na cha nane. Katika picha zote wateja walisimama mbele ya pengo hilo, kwa hiyo hakuna aliyeliona, wala Gurisha, wala yeye mwenyewe.

Uso ulipata moto. Alikuwa tayari kwa kejeli. Alizijua kejeli za namna zote.

Lakini Mwalimu Koleta alimtazama tu, akingoja, jinsi anavyongojwa fundi.

"Huwezi kuruka?" akauliza Athumani.

"Sketi inabana. Na ni ya kuazima."

Basi ikabidi kichorwe. Brashi ilikuwa nyuma ya sikio lake, mahali alipozoea kuiweka ujanani. Ilikuwa imekaa hapo miaka kumi na moja na haikutaka kulizungumzia jambo hilo. Tatizo lilikuwa rangi.

"Ngazi ni ya kijivu," akasema Athumani. "Na kijivu sina."

"Sisi tunacho," akasema Bwana Shamba Lubuva.

Kwa kweli walikuwa nacho. Katika miaka ya mwanzo Gurisha alitumia filamu za rangi moja, na wateja wa miaka hiyo, mamia yao, walikuwa wa kijivu kuanzia nywele hadi viatu. Bwana Shamba akanyoosha tai yake mbele kwa vidole viwili. Athumani akaigusa kwa brashi, akavuta.

Kijivu kikatoka chote, laini, kama utando juu ya maziwa. Na chini yake tai ilikuwa ya manjano. Ilikuwa ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji, na kwa kuwa hapakuwa na manjano nyingine popote karibu, watu wote waliokuwa pale waligeuka kuitazama.

Bwana Shamba aliinamisha kichwa akaiangalia muda mrefu.

"Nilikuwa nimesahau," akasema. "Kila nikiitazama ile picha nasema tai yangu ile ya kijivu. Jamani. Nilizunguka duka zima kuitafuta hii."

Athumani akachora kipandio cha saba. Akakiwekea kivuli chini, akakifuta kona moja, akakirudia. Mwalimu Koleta akakijaribu kwa kisigino, akakanyaga, akapita. Akasema, "Sawa," na kwa waliosoma kwake hiyo ilikuwa alama ya juu kabisa.

Athumani akapanda naye kwenda kuangalia mlango. Ngazi ile alikuwa ameichora kwa kanuni, kwamba kilicho mbali ni kidogo, basi kila alipopanda kipandio kimoja naye alipungua. Kwenye cha kumi alikuwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika mlangoni alikuwa sawa na gunzi la hindi. Haikuuma. Nguo zilipungua pamoja naye. Mawazo peke yake ndiyo yaliyobaki na ukubwa wake, kwa hiyo kichwa kilimjaa kidogo.

"Ndani kuna nini?" akauliza Mwalimu Koleta.

"Nyeusi," akasema Athumani, maana hakutaka kumdanganya mwalimu. "Kopo moja na nusu."

"Nyeusi tu?"

"Kalenda haikuonyesha ndani."

Akamwacha mlangoni, akaingia. Weusi ulikuwa mzito na ulimshika mabegani kama kanzu iliyolowa. Akapapasa mbele. Akahesabu hatua kumi. Na hapo, katikati ya weusi, alikuwa amekaa mtu mwekundu.

Athumani alimjua mara moja. Alikuwa mmoja wa wale waliochorwa kwenye miamba ya Kolo, kaskazini ya mji, na watu ambao hakuna anayejua majina yao. Athumani alipokuwa darasa la tano walipelekwa kuwaona, na mwalimu alisema msiguse. Huyu alikuwa mwembamba kama mstari, mrefu kuliko ndege ilivyoruhusu, na kichwa chake kilikuwa kama ufagio uliosimamishwa. Kofia ya urubani ilikuwa pembeni yake. Haikumwenea.

"Shikamoo," akasema Athumani, kwa sababu ya tofauti ya umri.

"Marahaba. Umechelewa, lakini si sana."

"Wewe ndiye rubani?"

"Ndiye."

"Una leseni?"

"Nina uzoefu. Nimekaa palepale kwenye mwamba, mvua na jua, na sijaanguka hata siku moja."

Athumani aliona kwamba kwa rubani hiyo ndiyo sifa inayotakiwa. "Basi turuke. Abiria wako tayari."

"Ndege hairuki," akasema yule mwekundu.

Nje, wale ndege wanne wenye mabawa walisikia, wakajibu kwamba wao wanaruka tangu dakika kumi zilizopita na wasisingiziwe.

"Ndege hii," akasema rubani. "Ina ubavu mmoja."

Athumani akaenda kuangalia upande wa pili. Hapakuwa na ubavu. Hapakuwa na bawa wala dirisha. Weusi uliishia kama ukingo wa shimo, na baada yake palikuwa peupe tu, peupe pa marikani, nyuzi kwa nyuzi, mpaka macho yanapochoka. Upepo mdogo ulitoka huko. Akarudi akakaa sakafuni karibu na rubani.

"Ule upande hakuna atakayeuona," akasema. "Kamera iko upande huu."

"Ni kweli."

"Hata wakilitandika pazia juu ya magunia, ule hautaonekana."

"Hautaonekana."

"Sasa niupake kwa sababu gani?"

Rubani hakukasirika. Alifikiri, na alipofikiri wekundu wake uliongezeka kidogo.

"Mimi siku moja nilipanda mwamba mahali ambapo hata nyani hafiki," akasema. "Nikachora swala. Nikashuka. Hakuna aliyemwona mpaka leo."

"Ulijisikiaje?"

"Nilisikia njaa. Nikaenda kula."

Akaichukua kofia, akaigeuza, akairudisha chini.

"Lakini swala yupo," akasema rubani.

Athumani akasikia nywele za mikono zikisimama. Kule mlangoni sauti za abiria zilikuwa zinaingia, wakiulizana kama kuna chakula ndani.

"Sijui upande wa pili ukoje," akasema mwishoni. "Sijawahi kuuona. Kalenda ilikuwa na upande mmoja."

"Swala wangu pia nilimwona upande mmoja, akikimbia. Wa pili nilimpa mwenyewe."

Athumani akainuka. Akatoka mlangoni, akasimama juu ya ngazi, akiwa na urefu wa gunzi, akawaambia watu: "Nahitaji kijivu chote."

Wakapanga mstari bila kuambiwa. Kijivu kikapita viganjani mwao, mkono kwa mkono, kutoka ukingoni mwa pazia mpaka juu mlangoni, na kila aliyekitoa aligeuka na kujitazama. Kanga zikawa nyekundu. Mashati yakawa ya kijani na ya bluu ya bahari na ya zambarau. Mtoto mmoja alikuwa na viatu vyeupe vyenye utepe wa waridi na akaanza kupiga hatua ndefu ili avione. Nesi mmoja alifuta kijivu kutoka shavuni mwake, na shavu likawa la kahawia yenye jua, na akalishika kwa kiganja akasimama hivyo hivyo. Uwanja ule wa saruji, ambao Athumani aliuchora kwa rangi mbili, ukawa kama sokoni siku ya kuamkia Idi.

Naye anachora. Amesimama kwenye ukingo wa weusi, anauinamia weupe, na anachora ubavu. Mstari wa kwanza ni wa woga. Wa pili ni wa kuurekebisha wa kwanza. Wa tatu unakwenda wenyewe, mrefu, kutoka pua mpaka mkia, na anausikia mkononi mpaka kwenye kisogo. Anachora madirisha, na katika kila dirisha anaweka mwanga, na anapomaliza moja anakuta analijua linalofuata. Anachora bawa. Hajui bawa linashikwa na nini, basi analishikisha kwa kitu anachokijua, anakaza nati moja moja kama za bomba la maji. Anafanya kazi siku tatu, au dakika tatu. Jua alilolichora mwenyewe halina tabia ya kusogea. Hakuna anayemtazama, na hajali. Anacheka peke yake kwa sauti. Jasho linamwingia machoni, na anaiona ndege yote, pande mbili, imejaa, ina uzito, inakaa hewani kwa kutaka kwake yenyewe.

"Sasa," akasema rubani mwekundu, akaijaribu kofia tena, akaiweka pembeni.

Abiria wakapanda. Walipanda wakipungua, kipandio kwa kipandio, wakaingia mlangoni wadogo na wenye rangi, kama shanga zinazotiwa katika uzi. Athumani alishuka chini kuwapisha, akarudia ukubwa wake. Reli ya kulia ilikuwa imechubuka na yeye hakupenda iachwe hivyo, ila kijivu kilikuwa kimekwisha.

"Chukua changu, kaka," sauti ikasema.

Alikuwa amebaki mmoja, msichana wa miaka kumi na tisa hivi, kandokando ya ngazi. Alikuwa bado wa kijivu mwili mzima. Alikuwa amewashikia watu mikoba na watoto mpaka wakapanda wote, na yeye hakuwa amepata nafasi. Alikuwa ameinamisha kidevu kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu cha chumba cha pili.

Athumani akakijua kidevu hicho. Alikuwa amelala kando yake kwa miaka thelathini na moja. Alikuwa Mwajabu, mkewe, mama wa Zaituni na wadogo zake, kabla hawajajuana. Na yeye hakumjua Athumani hata kidogo.

"Asante, dada," akasema Athumani.

Akaiweka brashi begani mwa gauni, akavuta. Gauni lilikuwa la rangi ya chungwa. Picha ya siku ile iko sebuleni kwao, Athumani ameiona kila siku, na siku zote alidhani gauni lilikuwa la bluu. Hakuwahi kuuliza.

"La dada yangu," akasema msichana alipoona anavyolitazama. "Leo tu. Wewe ndiye uliyechora haya yote?"

"Ndiye."

"Basi utajua. Huko tunakokwenda ni pazuri?"

Athumani alifikiri. Aliona nyumba, bati, uji wa asubuhi, Zaituni na homa yake ya kwanza, miaka ya brashi na miaka ya koki.

"Panavuja kidogo," akasema. "Upande wa jikoni."

"Bati linazibwa," akasema msichana, akakusanya gauni.

Athumani akapaka reli kwa kijivu chake, haraka, mpaka juu. "Reli ya kulia ni mbichi," akamwambia. "Shika ya kushoto."

Msichana aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia na atakayefanya atakavyo, akapanda. Kwenye kipandio cha saba alikanyaga bila kuangalia. Akawa mdogo, akawa nukta ya chungwa mlangoni, akaingia.

Ndege ikaondoka. Haikutoka ndani ya pazia. Ilikwenda ndani zaidi, juu, na anga ambayo Athumani alijua kwa hakika kwamba ni makopo mawili ya bluu iliendelea mbele yake, ikaendelea, ikafunguka nyuma ya ilipofungukia, na wale ndege wanne wakaisindikiza mpaka wakachoka. Alisimama peku kwenye saruji, mdomo wazi, machozi yakimtiririka bila sababu aliyoweza kuitaja. Alitaka kumwita mtu aje aone. Hapakuwa na mtu.

"Sasa unaweza kunikunja," likasema pazia. "Hamna aliyebaki."

"Watatua wapi?"

"Mimi nifahamu wapi? Umewachorea pa kutua?"

Athumani akageuka huku na huku. Hakuwa amewachorea.

Hapo akaamka.

Kulikuwa kumekucha. Simu ilikuwa inaita kitandani. Alikuwa ni Gurisha.

"Athumani, mteja amefika na gari. Uko wapi?"

"Mengine mpe," akasema Athumani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia. "La ndege usiliguse. Usilikunje. Na nitafutie marikani nyingine, pana, leo hii hii."

"Marikani ya nini tena, wewe? Si ulishaacha?"

"Nitakueleza. Ni haraka."

Akakata. Akaenda jikoni. Mwajabu alikuwa ameinama juu ya sinia la unga, anakanda chapati kwa mkono mmoja. Wa kulia alikuwa ameuinua juu, mbali na unga.

"Baba Zaituni," akasema bila kugeuka, "hii rangi umeiacha wapi? Nimeamka imenishika kiganja kizima. Haitoki kwa sabuni."

Athumani akaushika mkono ule, akaufungua dirishani. Kilikuwa ni kijivu, cha mafuta, kibichi bado, kimejipaka kwa mstari mmoja mnene kuvuka kiganja, jinsi kinavyojipaka kwa mtu aliyekamata reli. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na kopo la rangi kwa miaka kumi na moja.

"Nilikuambia ushike ya kushoto," akasema.

"Uliniambia wakati nimeshashika," akasema Mwajabu.

Kisha akaacha kukanda. Wakatazamana. Aliinamisha kidevu kidogo, kama anasikiliza kitu cha chumba cha pili.

"Nikuletee mafuta ya taa uitoe?" akauliza Athumani.

Mwajabu aliutazama mkono wake kwa mwanga wa dirishani, upande huu na upande huu.

"Acha," akasema. Akarudi kwenye sinia, akaendelea kukanda kwa ule wa kushoto.